Hotuba Juu ya Maumivu ya Misuli na Kano Michezoni



Twasema machache juu ya jambo liwahusulo vijana wetu wachezao mpira na kukimbia mbio.

Mchezaji akiumia uwanjani, watu husema mshipa umeshtuka. Kumbe mara nyingi kilichoumia si mshipa. Huenda ni msuli, yaani nyama ivutayo mfupa. Au ni kano iungayo msuli na mfupa, kama ile kubwa ya kisiginoni. Au ni kano zishikazo mfupa kwa mfupa, kama za gotini na za kifundo cha mguu. Yafaa kutofautisha. Msuli una damu nyingi, hupona upesi. Kano ina damu kidogo, nayo hupona polepole. Kano ya kisigino ikikatika, mchezaji hukaa nje miezi sita au zaidi.

Desturi mbili zatutia hofu. Ya kwanza ni kumchua majeruhi papo hapo na kumkanda kwa maji ya moto. Kufanya hivyo huzidisha damu ivujayo ndani, na uvimbe huongezeka. Katika siku mbili tatu za kwanza yapasa apumzike, awekewe barafu iliyofungwa kitambaani kwa dakika 15 hadi 20, mara kadhaa kwa siku, afungwe bendeji isiyobana mno, na mguu uinuliwe juu ya mto. Uvimbe ukipungua, aanze kuutembeza taratibu. Lakini asiyeweza kukanyaga hatua nne, au aliyesikia mlio kisiginoni akashindwa kusimama kwa vidole, apelekwe hospitali bila kukawia.

Desturi ya pili ni mbaya zaidi: kumwita mwoga yule aombaye kutoka uwanjani. Mwaka 2016, huko Rio de Janeiro, Julius Yego alitupa mkuki mita 88.24 katika mtupo wake wa kwanza. Baadaye akaumia kifundo cha mguu, akaacha kutupa. Alirudi na medali ya fedha. Mwaka 2017 David Rudisha, bingwa wa Olimpiki wa mita 800, hakushiriki mashindano ya dunia ya London kwa sababu ya msuli wa paja. Ikiwa mabingwa hawa walikubali kupumzika, kijana wetu ana aibu gani?

Tukumbuke kwamba wengi wa wachezaji wetu hawalipwi kwa kucheza. Mguu uchezao Jumapili ndio upandao ngazi ya mjengo Jumatatu, na watoto nyumbani hula kwa mguu huo. Kombe hupatikana tena mwaka ujao. Kano iliyokatika mara ya pili ni vigumu kurudi kama ilivyokuwa.

Husemwa ajali haina kinga. Ni kweli, lakini kilema kifuatacho ajali kina kinga. Basi twawasihi manahodha: wachezaji wapashe mwili moto kabla ya mchezo, na aliyeumia atoke, arudi tu atakapoweza kukimbia na kugeuka bila maumivu.