Kwa Mwendo wa Watoto

Shule zimekaribia kufungwa, na katika nyumba nyingi swali la watoto ni moja: "Baba, Desemba tutaenda wapi?" Basi leo twapenda kuzungumza juu ya safari ya likizo pamoja na watoto, na jinsi ya kuipanga mapema ili iwe raha kwa wote, pamoja na mama, ambaye mara nyingi hurudi amechoka kuliko alivyoondoka.

Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 33, twasoma juu ya ndugu wawili waliokutana baada ya miaka mingi. Esau alikuja na watu 400, watu wa nguvu na haraka, akataka waondoke pamoja mara moja. Yakobo alikataa kwa upole. Alimweleza nduguye kwamba watoto wake bado ni wadogo, na katika mifugo wamo wanaonyonyesha, nao wakikimbizwa hata siku moja tu watakufa. Akamwomba atangulie, yeye aje nyuma polepole, kwa kadiri ya mwendo wa watoto. Mahubiri juu ya kukumbatiana kwa ndugu hawa tumesikia mengi. Juu ya jibu hili la Yakobo tumesikia machache, nasi twalipenda sana, kwa maana ni jibu la baba aliyekwisha kusafiri na watoto.

Siku hizi Esau yuko kila kijiji. Ni shemeji aliyerudi Mombasa na hadithi nyingi, au jirani anayetuma picha za bahari kwa simu. Twaona, nasi twataka kuondoka kesho. Lakini mwendo wa jirani si mwendo wa mtoto wetu wa miaka mitatu, wala mfuko wake si mfuko wetu.

Kwa hiyo kabla ya kutaja mahali, baba na mama wakae chini wahesabu, na hapa kwetu hesabu huanza shambani. Je, mahindi yamevunwa? Viazi vimeuzwa? Nani atakayekamua ng'ombe? Ng'ombe hajui Krismasi. Kijana wa jirani akikubali kazi hiyo, yafaa aje siku mbili tatu kabla, ng'ombe amzoee, asije akamzuilia maziwa. Halafu fedha. Karo ya Januari, sare na vitabu viwekwe kando kwanza, mahali ambapo hata baba mwenyewe hafikii kwa urahisi. Kinachobaki ndicho cha safari. Na nauli, kama mjuavyo, hupanda sana majuma ya Krismasi. Jamaa ya watu sita wakitangulia mapema mwezi wa Desemba wataokoa fedha za kununulia viatu.

Kama kinachobaki ni kidogo, msihuzunike. Watu huvuka bahari kuja kuona vitu ambavyo sisi twavipita siku ya soko. Pale Ngata iko ngome ya Lord Egerton, iliyoanzwa kujengwa 1938 ikamalizika 1954, yenye vyumba 52, na mwenyewe akafariki 1958 bila mke wala mtoto. Watoto watawauliza mtu mmoja alitaka vyumba 52 vya nini. Waacheni wabishane hadi nyumbani. Karibu na Nakuru, kwenye barabara ya Nairobi, kuna Hyrax Hill, kilima cha pimbi, ambako Mary Leakey alichimba mwaka 1937 akapata makao ya watu wa kale. Huko yako mashimo ya bao yaliyochongwa katika mwamba wenyewe. Mtoto anayecheza bao na babu yake hataondoka hapo upesi, wala msimwondoe upesi. Menengai nayo ni kinywa cha volkano chenye upana wa kilomita 12 kwa 8 hivi, na kuta zake zateremka mita mia kadhaa. Ukingoni pale kila mtu mzima awe na mtoto wake mkononi, tena awe amejulikana ni yupi kabla ya kushuka garini. "Nilidhani yuko na wewe" ni maneno mabaya kusikia mahali kama pale.

Wengi watapenda Mbuga ya Ziwa Nakuru, iliyotangazwa kuwa mbuga ya taifa mwaka 1968. Ni vizuri, lakini msiwaahidi watoto maelfu ya heroe, wale ndege wa rangi ya waridi tuliowaona sisi tulipokuwa wadogo. Tangu miaka ya 2010 maji ya ziwa yamepanda hata kufunika lango la zamani, na heroe wengi walihamia Bogoria. Waambieni watafute kifaru, nyati na twiga, na heroe akionekana awe nyongeza. Tiketi hulipiwa kwa simu. Jitayarisheni usiku nyumbani, maana kuhangaika na mtandao langoni huku mtoto analia si likizo. Tena, tangu Juni 2020, chupa za plastiki za kutumia mara moja zimekatazwa mbugani. Maji yabebwe katika chupa za kudumu.

Mahali pamoja kwa siku moja panatosha. Twasema hivyo kwa sababu wako akina baba wanaotaka kumaliza Nakuru yote kati ya chai ya asubuhi na chakula cha jioni. Mtoto mdogo ana saa chache njema, nazo ni za asubuhi. Baada ya hapo anataka kula, kujisaidia na kulala, naye asipovipata kwa utaratibu atavidai kwa kelele. Uji wake uende katika chupa ya chai. Anayetapika garini asishindiliwe chakula kabla ya kuondoka, akae karibu na dirisha, na kopo lenye kifuniko liwe karibu.

Wanaokwenda mbali, kwa nyanya huko Busia, Kisumu au Kakamega, wana jambo zito zaidi la kuwaza. Barabara ya kutoka Nakuru kupitia Salgaa na Sachangwan twaijua. Alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017 basi na lori viligongana pale Migaa, wakafa watu 36. Tangu hapo vizuizi vimejengwa katikati ya sehemu ya barabara hiyo, lakini usingizi wa dereva haukujengewa kizuizi. Safirini mchana, hata kama gari la usiku ni rahisi. Mtoto alipiwe kiti chake. Kumpakata kunaokoa shilingi chache tu. Na dereva akienda mbio, mama akiomba apunguze mwendo, baba asimwambie anyamaze.

Jambo jingine wazazi wa Njoro husahau ni malaria. Huku juu kwenye baridi mbu wake ni wachache, na watoto wetu hawakuzoea ugonjwa huo kama watoto wa kando ya ziwa. Kwa hiyo wakienda magharibi, Baringo au pwani, neti ni ya lazima, hata kama binamu zao wanalala bila neti. Pitieni zahanati kabla ya safari muulize ushauri. Tena homa inaweza kuanza juma moja au zaidi baada ya kurudi. Mtoto akipata joto mwezi wa Januari, msiseme ni baridi ya Njoro. Mpelekeni siku hiyo hiyo, mkamwambie daktari alikuwa wapi.

Na je, asubuhi ya safari mmoja akiamka mgonjwa, mizigo imefungwa na nauli imelipwa? Ahirisheni. Mpigieni nyanya simu. Atasikitika, halafu atauliza mmempa mtoto dawa gani. Yakobo naye, tukisoma mbele kidogo, hakumfuata Esau hadi Seiri. Alifika Sukothi, akajenga nyumba, akawafanyia wanyama wake vibanda, akapumzika.

Juma lijalo, Mungu akitujalia, tutazungumza na vijana wanaongoja matokeo ya mtihani. Kwaherini, na wale mnaoondoka kesho asubuhi, safari njema.