Alama Nzuri, Chaguo la Busara
(Mazungumzo na wazazi wa vikundi, Isinya)

Mtoto akipata A katika KCSE, sisi twasema, "Aende udaktari, Nairobi!" Naye anajaza hiyo moja tu. Ngojeni kwanza. KUCCPS haitazami gredi peke yake. Inahesabu pia alama za masomo manne yanayohitajika kwa kozi ile. Wenye A wanagombea nafasi chache, na wengine hukosa.

Basi ketini naye. Tazameni pointi zilizoingiza wanafunzi mwaka uliopita. Ajaze nafasi zote: kozi anayoitamani sana, ya kati, na moja ya hakika, zote anazozipenda. Tena ulizeni karo kabla ya kuuza ng'ombe. Mchango wa kikundi ni jasho letu, lakini atakayesoma ni yeye.