Fundi, kilichokufa ni kipi?

Ndugu msikilizaji, juma hili tulizungumzie neno moja ambalo baadhi ya mafundi wetu wa kompyuta wanalipenda mno. Neno lenyewe ni "imekufa". Unampelekea fundi mashine yako, anabonyeza swichi mara mbili, anatikisa kichwa, kisha anakupa pole kama mtu aliyefiwa. Imekufa. Hasemi kilichokufa ni kipi, wala kwa ugonjwa gani.

Mwezi uliopita neno hilo lilimwangukia jirani yangu mmoja pale Magomeni, mama mwenye kibanda cha kuchapa na kutoa fotokopi. Kompyuta yake ni ya mwaka 2009, yenye lile boksi la kusimama mezani ambalo sote tunaliita "sipiyu", ingawa jina hilo kwa haki ni la kijidude kimoja tu kilichomo ndani. Jioni moja umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, ukakatika tena. Asubuhi mashine haikuwaka. Taa hakuna, feni haizunguki, kimya kitupu. Na humo ndani mlikuwa na mitihani ya muhula ya shule mbili za msingi. Walimu walikwisha lipa nusu ya fedha, na siku zilizobaki zilikuwa nne.

Fundi wa kwanza alisema mazabodi imeungua, yaani ile bodi kubwa inayobeba kila kitu, na kwamba kazi zote zilizohifadhiwa humo zimepotea. Akashauri inunuliwe kompyuta nyingine kwa shilingi 300,000. Hiyo mbovu, kwa huruma yake, angeichukua yeye kwa shilingi 30,000.

Mimi si fundi. Stashahada yangu ni ya uandishi wa habari. Lakini katika kazi yetu habari ya chanzo kimoja haitangazwi, basi nikamwambia, "Dada, kabla ya kuzika, tumtafute daktari wa pili." Tukaibeba hadi kwa mzee mmoja anayetengeneza redio na televisheni tangu mimi nikiwa mwanafunzi.

Mzee hakuanza na bisibisi. Alibadili kwanza waya wa umeme, kisha soketi, kwa sababu wapo wateja, alisema, wanaomletea mashine nzima kumbe waya umekatikia ndani. Hapo ndipo alipofungua boksi, akachomoa kutoka kwenye mazabodi ule mkungu wa nyaya wenye plagi pana, akanyoosha klipu ya karatasi na kuunganisha waya wa kijani na mmoja wa weusi. Hiyo ndiyo amri ya kuiwasha pawa saplai ikiwa peke yake. Ikiwa nzima, feni yake huzunguka. Ya kwetu haikutikisika.

"Kilichokufa ni hiki," akasema, akigonga lile boksi dogo la bati lililo nyuma. "Mengine hatujui bado. Atakayekwambia anajua, hajapima."

Pawa saplai, ndugu msikilizaji, ndiyo inayopokea umeme wa ukutani, volti 230, na kuugeuza kuwa volti ndogo zinazoweza kutumiwa na kompyuta: volti 12 kwa waya wa njano, 5 kwa waya mwekundu, na 3.3 kwa waya wa rangi ya chungwa. Kwa kuwa imekaa mlangoni, kofi la umeme huishukia yeye kwanza, na mara nyingi hufa yeye peke yake. Kuibadili si operesheni kubwa. Tangu Intel walipotoa mpango uitwao ATX mwaka 1995, nyingi zina umbo moja, hushikwa kwa skrubu nne, na nyaya zake huingia upande mmoja tu. Wapo wakaidi, hata hivyo. Baadhi ya kompyuta za Dell za mwishoni mwa miaka ya 1990 zilikuwa na plagi ile ile lakini nyaya zimepangwa kivingine, na ukichomeka pawa saplai ya kawaida unaiua mazabodi kwa mkono wako mwenyewe. Zile kompyuta nyembamba za maofisini nazo mara nyingi zina maboksi ya umbo lao. Ndiyo maana mzee alinipa ile mbovu niende nayo dukani, nilinganishe plagi kwa plagi.

Nikaenda Kariakoo. Hapa naomba radhi mapema, maana kosa linalofuata ni langu.

Nilipata iliyotumika, iliyong'olewa kwenye kompyuta za mtumba kutoka Marekani, kwa shilingi 25,000. Plagi zililingana. Nikarudi nikijiona hodari. Mzee alikuwa na mteja, akaniambia niiweke mezani, peke yake, nisiifunge kwenye mashine. Nikaichomeka kwenye soketi. Ukalia mlio kama wa fataki, moshi ukatoka, na mama wa watu akapiga kelele hadi majirani wakaja.

Nyuma ya pawa saplai nyingi za zamani kuna swichi ndogo nyekundu ambayo wengi wetu hatujawahi kuitazama. Upande mmoja imeandikwa 115, upande wa pili 230. Marekani umeme wa majumbani ni volti 120, kwa hiyo huko swichi hukaa kwenye 115. Mashine ikivuka bahari na swichi yake, ikachomekwa hapa kwetu, inapokea mara mbili ya inachokitarajia. Nyingi za siku hizi hazina swichi hiyo, hujirekebisha zenyewe kuanzia volti 100 hadi 240. Lakini ya zamani lazima itazamwe, na mimi sikuitazama. Laiti ningekuwa nimekwisha ifunga ndani ya kompyuta ya mama yule, sijui leo ningekuwa nawaeleza nini.

Nilitaka kuifungua nione kilichopasuka. Mzee akanidaka mkono. Ndani mna kapasita zinazoweza kushika volti zaidi ya 300 hata baada ya plagi kuchomolewa, na yeye mwenyewe, kwa miaka yote hiyo, hafungui boksi hilo kwa papara.

Ya tatu nilinunua mpya, kwa fedha yangu, shilingi 45,000, naye akafuatana nami. Alizipima mkononi moja moja kama mtu anayechagua nanasi, akakataa mbili zilizoandikwa wati nyingi kwa sababu zilikuwa nyepesi mno. Mezani feni ilizunguka, lakini hakuridhika, akaleta mita. Waya wa njano ulisoma 12.1, na inaruhusiwa kati ya 11.4 na 12.6. Ndipo akafunga skrubu.

Kompyuta ikawaka. Mazabodi nzima, mitihani yote imo, hata yale maswali ya hisabati aliyoyachapa siku ile umeme ulipokatika. Mama alichapa usiku kucha, na siku ya nne walimu walichukua karatasi zao.

Ile niliyoilipua mimi bado ipo kibandani, juu ya kaunta. Ameizungushia utepe mwekundu kwenye swichi, na kila ninapopita hunionyesha kwa kidole.