Mji Usiofunga Malango

(Hotuba kwa mkutano wa pamoja wa vikundi vya kujisaidia vya Kericho na Bomet)

   Tunajua wengi wenu mmechuma majani tangu alfajiri ndipo mkaja, na wengine mmeacha makapu kwa watoto pale kituoni, mkiomba Mungu lori lisichelewe. Hatutawaweka hadi jioni.

Tuliombwa tuseme juu ya mji mtakatifu. Ombi hili lilitoka kwa kikundi kimoja cha akina mama ambacho hatutakitaja. Wenyewe wanajijua, na tunawaona wakicheka pale nyuma. Walikuwa wamesoma Ufunuo sura ya 21 katika ibada yao, kisha wakaingia kwenye ajenda, na ajenda yenyewe ilikuwa kufuli. Chemchemi waliyoijengea kwa saruji na bomba, kwa michango yao wenyewe na mawe waliyobeba mgongoni, sasa ina ua. Ua una lango, na lango lina kufuli. Nani apewe ufunguo? Ng'ambo ya barabara kuna familia nne ambazo si za kikundi. Mbili kati yao ni watu waliokimbia hapa Januari 2008 wakarudi baadaye. Basi mama mmoja akasema, hawa hawakubeba hata jiwe moja, wasichote. Mwingine akajibu, lakini si tumesoma sasa hivi kwamba malango ya ule mji hayafungwi? Mkutano ukavunjika bila kura. Watapiga kura mwezi ujao, nasi tukaombwa tueleze kwanza lile andiko linasema nini hasa.

Tuanze na neno lenyewe. "Mji mtakatifu" si jina lililozuliwa na Yohana. Isaya analitumia kwa Yerusalemu katika sura ya 52. Nehemia analitumia katika sura ya 11, na pale kuna jambo la kushangaza kidogo. Watu walikuwa wamerudi kutoka uhamishoni, kuta zimejengwa upya, lakini ndani hakuna watu. Mji ni mkubwa, wakaaji ni wachache, nyumba hazijajengwa. Ikabidi wapige kura, mtu mmoja katika kila kumi ahamie mjini, na wengine wakawashukuru wale waliojitolea kwa hiari. Hebu fikirini. Siku hizi plot ikitangazwa mjini watu wanagombana hadi mahakamani, lakini mji mtakatifu ulilazimika kutafuta wakaaji! Kwa hiyo tangu zamani kuta pekee hazikuufanya uwe mji. Kuta zilikuwa tayari na bado kazi ilikuwa haijaisha.

Mathayo naye analitumia mara mbili. Katika sura ya 4 Ibilisi anampeleka Yesu kwenye mji mtakatifu, juu kabisa ya hekalu, ili amjaribu. Halafu katika sura ya 27, Yesu akiisha kufa, anasema watakatifu waliofufuka waliingia mji mtakatifu. Yaani mahali palipoitwa patakatifu ndipo palipokuwa na majaribu, na nje kidogo ya malango yake ndipo Bwana aliposulubiwa. Mwandishi wa Waebrania anakumbusha jambo hilo katika sura ya 13: Yesu aliteswa nje ya lango. Tutarudi hapo.

Mwaka wa 70 majeshi ya Rumi yaliuteketeza Yerusalemu pamoja na hekalu. Wataalamu wengi wanaona Ufunuo uliandikwa karibu mwaka wa 95, wakati wa Kaisari Domitiano, na Yohana mwenyewe anasema alikuwa katika kisiwa cha Patmo. Maana yake ni kwamba alipouona Yerusalemu mpya, ule wa zamani ulikuwa kifusi kwa muda wa kama miaka 25. Msisome sura ile kama kwamba imeandikwa na mtu aliyeshiba, aliyekaa kwenye kiti kizuri.

Na sisi wa huku tunaweza kuielewa kuliko wengi. Mwaka wa 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwaondoa ndugu zetu Watalai, wakapelekwa Gwassi, kule kando ya ziwa, mbali na baridi hii yetu. Mashamba mengine yalikuwa yamekwisha kuchukuliwa ili yapandwe chai, na madai ya ardhi hiyo hayajaisha hadi leo. Baadaye yakaja mapigano ya 1992, na baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 yakaja mengine. Nyumba zilichomwa, na hata katika kambi za wafanyakazi wa mashamba makubwa ya chai watu waliuawa na wengine wakakimbia. Mara hii waliokimbia walikuwa majirani zetu, na waliowakimbiza hawakutoka mwezini. Tunasema hivi kwa upole, lakini lazima tuseme. Watu hao hao walioimba habari za uhamisho wao ndio waliowahamisha wengine.

Sasa tuuangalie mji wa Yohana. Jambo la kwanza, unashuka. Nyimbo zetu nyingi zinasema tutapanda, tutaondoka, tutaiacha dunia hii. Yohana anaona kinyume chake: mji unakuja chini, na Mungu anahamia kukaa na watu. Jambo hili si dogo. Wako waliodhani wanaweza kuuvuta kwa nguvu, au kujua kituo utakaposhukia. Katika karne ya pili kule Frigia, ambayo leo ni Uturuki, mtu aitwaye Montano na manabii wanawake wawili, Priska na Maksimila, walikuwa na wafuasi wengi, na kijiji chao cha Pepuza wakakiita Yerusalemu. Mji haukushuka. Na juzi juzi tu, mwaka wa 2023, pale Shakahola katika Kaunti ya Kilifi, watu waliingia msituni na kukaa katika vijiji vilivyopewa majina ya Biblia, wakaambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Bwana. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, na mingi ilikuwa ya watoto. Jamani, mtu yeyote akiwaambia acheni kulima, acheni kula, toeni watoto shuleni kwa sababu mji uko karibu, mwambieni arudie kusoma. Ndani ya mji ule kuna mti unaozaa kila mwezi. Hakuna anayekufa njaa.

La pili ni ukubwa. Malaika anaupima kwa mwanzi na kupata stadio 12,000 kila upande, yaani zaidi ya kilomita 2,000. Ni kama kutoka hapa Kericho hadi uvuke Harare kule Zimbabwe. Na urefu wa kwenda juu ni huo huo! Ni umbo la sanduku lililo sawa pande zote. Wayahudi walijua chumba kimoja tu cha umbo hilo, Patakatifu pa Patakatifu ndani ya hekalu la Sulemani, mikono 20 kila upande (1 Wafalme 6). Chumba kile aliingia kuhani mkuu peke yake, tena mara moja kwa mwaka. Yohana anakichukua na kukipanua hadi kinameza nchi nzima nzima. Ndiyo sababu anasema hakuona hekalu ndani ya mji. Lingekaa wapi, na mji wote umekuwa chumba cha ndani?

Hapa tuwakumbushe wazee neno kapkoros. Vijana wakisikia Kapkoros wanafikiria kiwanda cha chai kule Bomet na bei ya bonasi. Lakini kabla ya kiwanda, kapkoros palikuwa mahali pa sadaka, ambapo watu wa eneo zima walikusanyika kumwomba Asis. Hapakuwa na jengo. Nyumbani nako kulikuwa na mabwaita, madhabahu ya matawi nje ya mlango. Hatusemi kapkoros na Yerusalemu mpya ni kitu kimoja; mhubiri akisema hivyo mwulizeni anatoa wapi. Tunasema tu kwamba babu zetu hawangeshangaa sana kusikia juu ya ibada isiyo na kuta. Sisi ndio tungeshangaa, tuliotumia harambee tatu kununua mabati ya kanisa.

La tatu ni ukuta, na sasa tunakaribia kufuli. Ukuta una mikono 144, kama mita 65. Kwa jengo la kawaida ni mrefu, lakini kwa mji ulio juu kilomita 2,000 ni kama kamba iliyowekwa chini kuonyesha mpaka. Haukai kama ukuta wa kuzuia vita. Una malango 12, matatu kila upande: mashariki, kaskazini, kusini, magharibi. Kwa hiyo hakuna upande ambao mtu akitokea atasema amekuta ukuta mtupu. Juu ya malango yameandikwa majina ya makabila 12 ya Israeli. Tunataka mlione hilo vizuri. Majina ya makabila yako mlangoni, hayajafutwa, lakini wanaopita chini yake ni mataifa. Aya ya 24 na ya 26 zinasema mataifa wataleta utukufu wao ndani. Jina la kabila limekuwa njia ya mgeni kuingilia. Huku kwetu tumeona likitumika kama kizuizi barabarani, unasimamishwa, unaulizwa unaitwa nani, na jibu lako linaamua kama utafika nyumbani.

Na malango hayafungwi. Isaya alikwisha kusema hivyo katika sura ya 60, usiku na mchana. Yohana anasema hayafungwi mchana, na anaongeza kuwa usiku haupo. Kwa mtu wa zamani lango lilifungwa jua likitua kwa sababu ya adui na mnyama mkali. Kukiwa hakuna usiku, mlinzi afunge saa ngapi?

Lakini tusiwadanganye. Aya ya 27 inasema hakitaingia chochote kilicho kichafu, wala mtu afanyaye machukizo na uongo, na sura ya 22 aya ya 15 inataja walio nje. Mama yule wa kwanza ana haki ya kutusomea aya hizo, na tunamheshimu kwa kutozificha. Angalieni tu orodha yenyewe: wauaji, waabudu sanamu, wanaopenda uongo. Ni matendo. Hakuna mahali imeandikwa mtu wa upande ule wa barabara. Kwa kipimo hicho mweka hazina anayeandika 500 akaweka 300 ana hatari zaidi kuliko jirani asiyebeba jiwe. (Tumesikia mtu akikohoa. Hatukumtaja mtu.)

Ndani ya mji kuna mto na mti, na majani ya mti ni ya kuwaponya mataifa. Sisi watu wa majani tulipendezwa na hilo. Katika sura ya 18 Yohana anaonyesha mji mwingine, Babeli, na wafanyabiashara wake wakilia kwa sababu hakuna anunuaye mizigo yao tena. Anaorodhesha dhahabu, kitani, mvinyo, mafuta, ngano, ng'ombe, farasi, na mwisho kabisa watu, miili na roho. Angekuwa anaandika leo angeongeza chai. Jani letu linapita mikono mingi kabla halijafika kikombeni, na anayelichuma ndiye wa mwisho kujua bei. Mei 2023 hapa Kericho watu walichoma mashine za kuchuma chai kwa hofu ya kukosa kazi. Hatuungi mkono moto, lakini hofu yenyewe tunaijua. Isaya katika sura ya 65, akieleza Yerusalemu mpya, hasemi dhahabu kabisa. Anasema watu watajenga nyumba wakae wenyewe, watapanda wale wenyewe, wala hawatapanda mwingine ale. Kwa mkulima hiyo ni ahadi kubwa kuliko barabara ya dhahabu.

Na maji? Sura ya 22 aya ya 17 inasema mwenye kiu aje, ayatwae bure. Mto Nyangores unatoka Mau, unapita Tenwek na Bomet, unaungana na Amala kuwa Mara, na mwisho unaingia ziwani. Haumwulizi mtu kitambulisho njia yote hiyo. Lakini bomba si mto. Bomba hupasuka, saruji huliwa, na mtu lazima alipe fundi. Tukisema bure na tusiseme nani atanunua koki mpya, tutakuwa tumehubiri tu.

Basi mlituuliza, nasi tutajibu. Kura ni yenu. Sisi tungezipa zile familia nne ufunguo, na tungeziomba mchango wa matengenezo ule ule anaotoa mwanakikundi, bila shilingi ya ziada na bila kiingilio cha mawe waliyokosa kubeba. Wawili wao hawakuwapo siku ya mawe kwa sababu ambayo sote tunaijua. Na mmoja wao achaguliwe kwenye kamati ya maji, aone kitabu cha pesa. Mama yule wa kwanza hajakubali. Ametuambia asubuhi hii, kabla ya maombi, kwamba wageni wakiingia kwenye kamati leo, kesho wataitaka chemchemi. Tumemwomba aje aseme hapa mbele sasa, kwa sababu ana watu wanaofikiri kama yeye na wamenyamaza tu. Baada yake atasema mama mmoja wa ng'ambo ya barabara, ambaye amekubali kuja na ameketi pale karibu na mlango. Mpisheni njia. Chai iko tayari, lakini tuwasikilize kwanza.