Mhusika Akishazikwa: Kifo na Ufufuo katika Katuni za Fantasia



Je, mhusika aliyekufa katika mfululizo wa katuni za fantasia arudishwe duniani? Nalichukua swali hili kwa uzito wote, kwa kuwa watoto wengi hukutana na msiba kwenye skrini kabla haujabisha hodi nyumbani kwao. Mtunzi anapomuua mhusika, anamwomba mtoto huyo amlilie. Akimrudisha wiki mbili baadaye kana kwamba hakuna lililotokea, amemfundisha kwamba kilio kile hakikuwa na maana, na safari nyingine mtoto hatalia. Msimamo wangu ni kwamba asirudishwe, ila pale ambapo hadithi iliweka sheria ya kurudi mapema, na anayerudi au anayemrudisha akalipa kwa kitu kisichopatikana tena.

Kazi iliyolitafakari jambo hili kwa kina kuliko zote ninazozijua ni Fullmetal Alchemist ya Hiromu Arakawa, mwanamke aliyekulia katika shamba la ng'ombe wa maziwa huko Hokkaido, kaskazini mwa Japani. Alianza kuichora mwaka 2001 na kuimaliza 2010. Katuni iliyoifuata hadithi yake hadi mwisho, Brotherhood, ina vipindi 64. Ndugu wawili, Edward na Alphonse Elric, wamefiwa na mama, nao ni wajuzi wa alkemia. Ili kumfufua, wanapiga hesabu ya mwili wa mtu mzima: maji lita 35, kaboni kilo 20, amonia lita 4, chokaa kilo moja na nusu, fosforasi gramu 800, chumvi gramu 250, na vingine vichache hadi chuma gramu 5. Vyote hivyo hata mtoto anaweza kuvinunua kwa vijisenti vyake. Wanaongeza matone ya damu yao. Jaribio linawageuka: Edward anapoteza mguu, Alphonse mwili mzima, na ili roho ya mdogo wake ifungwe ndani ya vazi la chuma la kivita, Edward anatoa na mkono.

Mama harudi. Kinachotokea katikati ya duara la alkemia walilolichora ni kitu cha kutisha kinachohema kidogo, kisha kinakufa. Arakawa angeweza kuishia hapo, lakini miaka kadhaa baadaye anamrudisha Edward kukifukua. Kijana anachimba huku akitapika, anakagua nywele, anapima mifupa, anatambua kwamba kiumbe kile hakikuwa mama yao kabisa. Ugunduzi huo ni mchungu na bado unamtua mzigo, maana kumbe hawakumtesa mama yao kwa kifo cha pili. Sijaona katuni nyingine iliyothubutu kumfariji mtoto kwa njia hiyo, kwa kumwambia wazi kwamba mlango umefungwa.

Kisha kuna Maes Hughes, ofisa wa jeshi anayemchosha kila mtu kwa picha za binti yake. Anauawa katika kibanda cha simu na Envy, kiumbe aliyejivika sura ya mke wake. Mazishini, Elicia, binti yake mdogo, anauliza kwa nini wanamfukia baba wakati ana kazi nyingi za kufanya. Watu wakishaondoka, rafiki yake Roy Mustang anakiri kwamba kichwani mwake anapanga kanuni ya kumfufua. Mustang anajua vizuri yaliyowapata akina Elric, na bado akili yake inakimbilia kuleee. Kila mtazamaji aliyempenda Hughes anataka jambo hilo hilo. Arakawa amelisema kwa kinywa cha mhusika, kisha akalikataa. Haya yote yamo katika kipindi cha 10 cha Brotherhood. Vipindi vyote vinavyobaki vinabeba pengo la Hughes: Mustang kumwinda muuaji, ghadhabu yake inayokaribia kumgeuza naye kuwa mchinjaji, bastola ya msaidizi wake, Riza Hawkeye, iliyoelekezwa mgongoni mwake ili imzuie. Mrudishe Hughes, na yote hayo yanaporomoka.

Wapo watakaosema kwamba hii ni fantasia, na katika fantasia kila kitu kinawezekana. Sikubaliani nao. Anayetunga hadithi ya maisha ya kawaida anaazima sheria za dunia hii bila kutoa senti. Mtunzi wa fantasia anazitunga mwenyewe, na akizivunja hana pa kuegemea.

Angalieni Avatar: The Last Airbender, iliyoonyeshwa Marekani kuanzia 2005 hadi 2008. Katika kipindi kinachoufungua msimu wa pili, Katara, rafiki wa shujaa Aang, anakabidhiwa kichupa cha maji ya chemchemi ya roho kutoka Ncha ya Kaskazini. Katika kipindi hicho hicho Aang anaonywa kwamba akiuawa akiwa katika Hali ya Avatar, yaani nguvu zake kuu zikiwa zimeamka, mfululizo wake wa kuzaliwa upya utakatika milele. Mwishoni mwa msimu Katara anakaribia kuyatumia maji hayo kuliponya kovu la uso wa mwanamfalme Zuko, lakini anakatizwa. Punde radi ya Azula, dada yake Zuko, inampata Aang mgongoni, na maji yote yanaishia kwake. Hayapatikani mengine. Aang anazinduka baada ya wiki kadhaa, nywele zimemwota kichwani, mji wa Ba Sing Se umeanguka, dunia inaamini amekufa, na jeraha lile limemfungia nguvu zake kuu hadi pambano la mwisho. Kurudi kwa namna hii nakukubali.

Na katika dunia hiyo hiyo yenye roho na chemchemi za uponyaji, mzee Iroh, ami yake Zuko, anaiweka picha ya mwanawe Lu Ten chini ya mti, anaimba, anashindwa kuumaliza wimbo bila kulia. Lu Ten alifia vitani katika kuuzingira mji ule ule wa Ba Sing Se. Hakuna anayejaribu kumrudisha. Sehemu hiyo ilitolewa kumkumbuka Mako, mwigizaji aliyempa Iroh sauti, aliyefariki Julai 2006.

Biashara nayo ina mkono wake. Mwaka 1986 filamu ya Transformers ilimuua kiongozi wa mashujaa wake, Optimus Prime, kwa kuwa Hasbro ilitaka midoli ya zamani ipishe mipya. Watoto walilia, wazazi wakalalamika, na mwaka 1987 akarudishwa. Katika filamu ya G.I. Joe ya mwaka huo, shujaa Duke alichorwa akifa, kisha yakaongezwa maneno kwamba amepoteza fahamu tu. Kifo na uzima wa wahusika hao vyote viliamuliwa na rafu za duka, na hilo linaniudhi hadi leo.

Nimelibakiza Dragon Ball kwa kuwa nalipenda, na kwa kuwa ndilo linalonipinga vikali zaidi. Akira Toriyama, aliyefariki Machi 2024, aliweka sheria iliyo wazi: joka Shenron, anayetimiza maombi, hamfufui mtu mara mbili. Krillin, rafiki wa shujaa Goku, alikwisha kufufuliwa mara moja. Adui yao Frieza anapomlipua angani kwenye sayari ya Namek, Goku anajua kwamba safari hii rafiki yake hana marejeo, na uchungu wa kujua hivyo ndio unaomgeuza kuwa na umbo la nguvu liitwalo Super Saiyan. Tukio mashuhuri kuliko yote katika mfululizo huo limesimama juu ya kifo kisichotenguka. Baadaye inabainika kwamba joka wa Namek, Porunga, hafungwi na sheria hiyo, na Krillin anarudi. Kufikia vita dhidi ya adui mwingine, Buu, sayari nzima inalipuliwa, inarudishwa kwa ombi moja, na watu wake kwa ombi la pili. Hapo mimi sikuhofia tena maisha ya yeyote.

Wanafunzi wa utunzi huniuliza ningefanya nini mimi. Ningemwacha Krillin Namek. Najua ninachokitupa: asingemwoa Android 18, binti yao Marron asingezaliwa, na ndoa hiyo ni miongoni mwa mambo yenye upole zaidi katika Dragon Ball Z. Bado ningemwacha, na ningemtaka Goku apigane vita vyote vilivyofuata bila yeye.