Paka Anayecheza Mpira: Siku Moja na Mwalimu wa Chekechea Rabai

Hotuba kwa wazazi na walezi wa watoto wa chekechea



Wako wazazi ambao kila wakipita karibu na darasa la chekechea husikia nyimbo, makofi na vicheko, kisha hujiuliza: hawa watoto husoma saa ngapi? Swali hilo ni halali. Mzazi ameamka alfajiri, amemwogesha mtoto, amemvalisha sare na kumfikisha shuleni. Jioni anapofungua mkoba anatarajia kuona daftari lililojaa herufi, lakini anachokipata ni mchoro wa rangi tatu usiojulikana ni mbuzi au ni meza.

Jibu la swali hilo liko katika siku ya mwalimu mmoja wa chekechea inayofadhiliwa na kanisa huko Rabai. Jina lake na la shule hayatatajwa, maana ndani ya habari hii yumo mtoto, na siri za mtoto hulindwa.

Rabai na masomo ni marafiki wa zamani. Mwaka 1846 wamisionari Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann walianzisha kituo chao hapo, na tangu enzi hizo kanisa na darasa vimekuwa majirani. Siku hizi Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, inaipa serikali ya kaunti jukumu la elimu ya chekechea, huku makanisa yakiendelea kuwa wafadhili wa shule nyingi. Mtoto wa miaka minne huanza PP1, na wa miaka mitano huingia PP2. Mwalimu wa Rabai anafundisha PP2.

Saa moja na nusu asubuhi yeye huwa amesimama mlangoni. Kila mtoto huchagua salamu yake: mkono, ngumi ndogo au kucheza hatua mbili. Mwalimu anapocheka nao huwa pia anatazama. Nani ana homa? Nani hakulala? Nani amekuja bila viatu ingawa jana alikuwa navyo? Wazazi huiona salamu tu, lakini ukaguzi wa afya na hali ya nyumbani huwa umekwisha kufanyika hapo mlangoni.

Halafu huitwa majina. Siku moja aliita jina la msichana, na ndugu yake akaitika kwa sauti kubwa, "Yuko!"

"Yuko wapi?" mwalimu akauliza.

"Yuko nyumbani, anaumwa tumbo. Amenituma niseme yuko."

Darasa lilicheka, na mwalimu pia. Hata hivyo alipata habari aliyoihitaji, na saa nne alimpigia simu mama wa watoto hao kumuuliza mgonjwa anaendeleaje.

Kipindi cha chekechea ni nusu saa, kwa sababu mtoto wa umri huo hawezi kutulia zaidi ya hapo. Katika shughuli za hisabati, mwalimu hatumii vitabu peke yake. Ana kapu la vifuu vya nazi, vifuniko vya soda na kokwa za maembe. Watoto huhesabu kwa kushika, hupanga vikubwa na vidogo, huongeza na kupunguza. Asubuhi moja aliuliza: "Mnazi wa babu una nazi sita. Zikiangushwa nne, zitabaki ngapi?"

Mtoto mmoja akainua mkono. "Babu hapandi tena, Mwalimu. Alianguka."

"Pole kwa babu. Basi amepanda mkwezi."

Mtoto akafikiri, akahesabu kwa vidole, akasema, "Itabaki moja."

Wenzake wakapiga kelele kwamba ni mbili. Mwalimu angeweza kusema umekosa, akaendelea na mwingine. Badala yake aliuliza, "Kwa nini moja?"

"Mkwezi naye anachukua yake."

Mtoto huyo alikuwa amefanya hesabu mbili badala ya moja. Alitoa nne katika sita, kisha akatoa ujira wa mkwezi kama anavyoona nyumbani. Jibu lililoonekana la kuchekesha lilikuwa na akili kuliko swali lenyewe. Mwalimu aliandika jambo hilo katika daftari lake, maana mtaala wa umilisi unamtaka atazame jinsi mtoto anavyofikiri, si jibu la mwisho tu.

Saa nne huwa ni wakati wa uji. Kwa kuwa shule ni ya kanisa, mtoto mmoja huteuliwa kuombea chakula. Wiki hiyo zamu ilikuwa ya msichana mdogo aliyeichukulia kazi yake kwa uzito mkubwa. Alishukuru kwa uji, kwa mpishi, kwa kuni, kwa sufuria na kwa kila kikombe kulingana na rangi yake. Kila alipovuta pumzi wenzake walisema "Amina!" kwa matumaini, naye akaendelea. Alipomaliza, uji ulikuwa umepoa kiasi kwamba hakuna aliyehitaji kupuliza. Lakini msichana huyo, ambaye mwezi Januari alikuwa akijificha nyuma ya kanga ya mama yake, alikuwa amesimama mbele ya watu na kuzungumza bila woga.

Baada ya uji huja shughuli za dini. Mwalimu alisimulia habari za mtoto aliyekuwa na mikate mitano na samaki wawili, na jinsi chakula hicho kilivyoshibisha umati. Alipouliza kama kuna mwenye swali, mvulana mmoja alisema, "Mama yake alijua kama amegawa?"

Mwalimu hakuwa na jibu katika kitabu. Aliwaomba watoto waigize: mmoja awe mama, mwingine awe mtoto anayerudi nyumbani na kapu tupu. Kwa dakika kumi darasa lilijifunza kuomba ruhusa, kusema kweli na kugawana.

Katika darasa hilo hilo kulikuwa na mvulana ambaye vituko vyake vilikuwa tofauti. Mwalimu alipowaambia watoto wachore paka, yeye alichora mtu mwenye miguu mirefu akipiga mpira. Mwenzake akapaza sauti, "Mwalimu, paka wake anacheza mpira!" Darasa zima likaangua kicheko. Mvulana alitazama karatasi yake, akatazama za wenzake, akaifunika kwa kiganja.

Siku iliyofuata mwalimu alisema, "Haya, tuanze wimbo." Mvulana akakimbia hadi ubaoni, akaleta fimbo anayoitumia mwalimu kuonyeshea herufi. Kicheko kingine. Katika mchezo wa kushika kichwa, bega, goti, mvulana alifanya kila kitu, lakini baada ya wenzake. Alikuwa akiwaangalia wao, si kumsikiliza mwalimu.

Jioni, watoto walipoondoka, mwalimu aliuchukua ule mchoro tena. Kumbe mtu yule alikuwa kaka wa mvulana, ambaye kila jioni hucheza mpira uwanjani. Mtoto hakuwa amefanya mzaha. Aliambiwa paka, akasikia kaka. Aliambiwa wimbo, akasikia fimbo.

Kesho yake, watoto wakiwa wanachora, mwalimu alipita nyuma yao na kuangusha kapu la vifuu sakafuni. Watoto wote waligeuka isipokuwa mmoja, aliyeendelea kupaka rangi.

Mwalimu hakutoa hukumu ya ugonjwa, kwa sababu hiyo si kazi yake. Alimwita mama wa mtoto na kumketisha pembeni, mbali na wazazi wengine.

"Mama, mtoto akiitwa nyumbani huitika?"

Mama akashusha pumzi. "Mwalimu, baba yake anasema ni mkaidi. Tumekubaliana tumkalishe nyumbani mwaka huu, labda akili ikikomaa atarudi."

"Sikio lake limewahi kutoa usaha?"

"Wakati wa mvua, baada ya mafua. Bibi yake alimtilia mafuta ya nazi ya vuguvugu, ukakauka."

"Msimkalishe nyumbani kwanza, Mama. Mpelekeni zahanati, mkaseme haya yote kama ulivyoniambia."

Wazazi wote wawili walikwenda. Tabibu alikuta masikio yote mawili yana shida, akaanza matibabu na kuwapeleka hospitalini kwa uchunguzi zaidi. Baadaye mtoto alitazamwa pia katika kituo cha tathmini ya watoto wenye mahitaji maalum, ambacho wengi hukijua kwa jina la EARC. Darasani mwalimu alimhamishia mbele, akawa anamwita kwa kumgusa bega kwanza na kuzungumza naye akiwa amemwelekea uso. Baba aliyesema mwanawe ni mkaidi alifika shuleni siku moja, akasimama dirishani kwa muda, kisha akamwambia mwalimu maneno mawili tu: "Nilimchapa." Mwalimu hakumlaumu. Alimpa kiti aketi karibu na mwanawe.

Ndugu wazazi, habari hii ina mambo ya kushika.

Kwanza, mafua yanayorudi mara kwa mara yanaweza kuacha majimaji nyuma ya ngoma ya sikio, na mtoto asisikie vizuri bila yeye mwenyewe kujua. Dalili ni hizi: haitiki anapoitwa kwa nyuma, hukaribia sana redio au televisheni, hutamka maneno kwa makosa, hujibu jambo ambalo hakuulizwa, au husubiri wenzake waanze ndipo afuate. Sikio likitoa usaha, usitie mafuta, maji wala kijiti. Nenda kituo cha afya.

Pili, mtoto asiyeelewa hasaidiwi na kiboko. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza adhabu ya viboko shuleni, na mkasa huu unaonyesha sababu. Mtoto angeweza kuchapwa kila siku kwa kosa la sikio lake.

Tatu, kumkalisha mtoto nyumbani hadi "akili ikomae" kunaweza kuficha shida ambayo ingetibika mapema. Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na mtoto mwenye ulemavu au mahitaji maalum hakuachwa nje ya haki hiyo.

Nne, jioni mtoto anapotoa mchoro mkobani, usiulize, "Umepata ngapi?" Muulize, "Hiki ni nini?" kisha subiri akueleze. Kama Mwalimu wa Rabai angeweka alama ya kosa juu ya paka yule na kuendelea na kazi, huenda mvulana angekuwa nyumbani leo. Akikueleza jambo linalokushangaza, mweleze mwalimu asubuhi mlangoni.

Watoto hawa watacheza, wataimba na kupaka rangi meza badala ya karatasi. Katikati ya michezo hiyo ndipo mwalimu anapomjua kila mtoto alivyo, na kujua ni nani anayehitaji msaada. Kwa hiyo mzazi atakayepita karibu na darasa na kusikia vicheko, asiwe na shaka. Kazi inaendelea.

Kabla ya muhula kufungwa, Mwalimu aliwaambia tena watoto wachore paka. Mvulana alichora paka mwenye masharubu marefu na mkia. Kisha pembeni akamchora kaka yake na mpira.

"Huyu wa pili ni nani?" mwalimu akamuuliza, akiwa amemwelekea uso.

"Ni kaka," mvulana akajibu. "Anacheza na paka."