Faili Jeupe la Mjomba



Wahitimu, ipo kazi ambayo wengi wenu mnaomba isiwafike: kukaa na mtu aliyebaka, kumpima kisaikolojia, kisha kuandika ripoti. Itawafika. Mtakaopangiwa Temeke, Dar es Salaam, mapema tu.

Mtaulizwa mbakaji anafananaje. Watu wanataka jitu lenye macho mekundu, na jitu hilo halipo. Wapo wapole, wapo wakali, wapo wanaoaminiwa na mtaa mzima. Hakuna kipimo cha haiba kinachothibitisha kwamba fulani alitenda. Hiyo ni kazi ya ushahidi. Hakimu akiuliza, mjibuni hivyo bila kuona haya.

Halafu vipimo vyenyewe ni vya kuja. MMPI, dodoso la haiba lililotoka Marekani mwaka 1943, linamuuliza mtu kama huwa anapandwa na pepo. Kule, "ndiyo" ni dalili ya ugonjwa. Mbagala huenda ni jambo alilosikia kwa bibi yake tangu utotoni.

Inayonisumbua zaidi ni Static-99, inayokadiria hatari ya mtu kurudia kosa la kujamiiana, iliyotungwa na Hanson na Thornton mwaka 1999 kwa takwimu za Kanada na Uingereza. Inahesabu hukumu za nyuma, na inaongeza alama ikiwa aliyetendewa si ndugu. Haya, mpimeni mjomba mmoja wa Tandika. Mara ya kwanza wazee waliyamaliza kifamilia, fidia ikalipwa. Mara ya pili PF3, fomu ya polisi ya kupelekwa hospitali, ilijazwa, lakini mama wa mtoto akabembelezwa asifike mahakamani. Faili lake jeupe, na mtoto ni wa dada yake. Kwenye karatasi, hatari ni ndogo!

Sheria yetu ya Tanzania ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998 ilileta kifungo cha miaka 30, hata maisha. Sipingi ukali huo, ila nadhani ndio unaozifunga midomo familia nyingine kama hiyo: mlishaji akienda ndani, nani atalipa kodi ya chumba?

Kwa hiyo kabla ya kufungua dodoso, piteni Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, kwa mjumbe wa shina, kwa mwalimu mkuu, kwa shangazi aliyehama nyumba ile ghafla. Mlichosikia kiandikeni kama mlichosikia, si kama hukumu. Na mtoto akishahojiwa polisi na hospitali, someni maelezo yake kwenye faili; msimrudishe kitini kwa ajili ya ripoti yenu.